Siku Moja Maishani Mwangu: Mpelelezi na Neno Moja Lililokosekana

Saa 1:15 asubuhi. Nimefika kituoni, mkoani Mwanza, nikalisoma upya jalada la injini ya mtumbwi iliyoibwa juzi usiku. Kijana mmoja alionekana ufukweni jioni ile, na leo alfajiri amekamatwa. Pembeni mwa karatasi nimeandika swali ambalo hujiuliza kila mara: ni jambo gani lisilo la jinai linaloweza kueleza kuwapo kwake pale? Bila swali hilo ningeingia chumbani nikiwa nimekwisha kumhukumu.

Saa 2:00. Nimekagua muda aliowekwa chini ya ulinzi, kwa kuwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatupa saa nne za kumhoji, na kuziongeza kunahitaji utaratibu wake. Kijana alikuwa akibandua magamba ya samaki yaliyokaukia kiganjani, macho yake yote mlangoni. Nilimuuliza kama ameumia na kama amekula, kisha nikamwagizia chai na maandazi. Sikumwahidi dhamana wala kumtisha, maana ahadi na kitisho vyote viwili huyaharibu mbele ya mahakama maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoyatoa baada ya kuonywa kuhusu haki zake.

Saa 2:30. Nilimweleza kosa analotuhumiwa, kwamba halazimiki kusema lolote, kwamba atakalosema linaweza kutumika kama ushahidi, na kwamba anaweza kuwa na wakili, ndugu au rafiki. Akamtaka mama yake mdogo. Tukampigia simu, tukamsubiri.

Saa 3:20. "Nieleze siku ya juzi, tangu ulipoamka," nilimwambia, kisha nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote katika kazi hii, kwa sababu mdomo wa mpelelezi unawashwa kumjazia mtuhumiwa majibu. Alianza kwa kusitasita, akafika kwenye dagaa alioanika, mvua iliyomkuta saa 2 usiku, na mlinzi wa ghala aliyemruhusu alale juu ya magunia kwa shilingi 1,000 zilizotumwa kwa simu. Mambo hayo hakuna aliyemuuliza, na kila moja linaweza kuthibitishwa.

Nilipomsomea maelezo yake, mama mdogo alinyanyua mkono. "Afande, hapo hakusema hivyo." Nilikuwa nimeandika "nilijificha", ilhali kijana alisema "nilijificha mvua". Neno moja tu, lakini bila hilo karatasi ile ingemfanya aonekane mwizi. Nikasahihisha, akaweka sahihi pembeni ya sahihisho, nami nikaweka yangu. Nakiri moyo ulinienda mbio.

Saa 7:00 mchana. Mlinzi wa ghala amethibitisha, na ujumbe wa muamala upo kwenye simu yake.

Saa 8:30. Mwenzangu mmoja ameniambia ningemkaza kidogo angesema. Nilimkumbusha kesi niliyoishuhudia nikiwa askari mpya katika kituo kingine. Mtuhumiwa alikiri usiku, mahakamani akakana, ikaendeshwa kesi ndani ya kesi, yaani kesi ndogo ya kuamua kama maelezo yale yapokelewe, na upande wa mashtaka, ambao ndio wenye mzigo wa kuthibitisha kwamba alikiri kwa hiari, ukashindwa kueleza uvimbe wa vifundo vya mikono yake. Maelezo yakakataliwa, na mlalamikaji, mjane aliyeporwa mtaji wote, hakupata haki hadi leo. Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba yetu inapiga marufuku mateso. Kanuni za Méndez za mwaka 2021, zinazohusu kuhoji watu bila mateso, zilizoandaliwa na wataalamu chini ya Juan Méndez, ambaye mwenyewe aliteswa kizuizini nchini Argentina, zinasisitiza jambo ambalo mimi nimeliona kwa macho: mtu anayeumizwa husema chochote kitakachosimamisha maumivu.

Saa 9:45. Kijana ametoka kwa dhamana ya polisi, akiwa na mama yake mdogo.

Saa 11:00 jioni. Nimempigia mlalamikaji, kwa sababu yeye naye ana mtumbwi uliolala nchi kavu na watoto wa kulisha. Amenisomea namba ya injini kutoka kwenye risiti yake, nami nimeiandika kwa wino mwekundu kwenye jalada ili kesho asubuhi nianze nayo kwa mafundi wa injini kule Kirumba.