Nilikwenda Alfajiri, Boneti Ikiwa ya Baridi

Nilimwomba muuzaji kitu kimoja tu kwenye simu: asiwashe gari mpaka nifike. Akakubali. Nilifika kwake Chumbageni saa kumi na mbili kasoro robo, watu wakitoka msikitini, na kabla salamu hazijaisha nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. Akasema, "Dada, nimetoka kumpeleka mgeni stendi ya Kange, sasa hivi tu." Huenda ni kweli. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani bila hata kuomba funguo.

Mimi nanunua viungo Amani, juu milimani Muheza: iliki, pilipili manga, mdalasini, na karafuu msimu wake ukifika. Nashusha Tanga mjini, nauza kwa wenye maduka. Miaka mitatu nyuma nilinunua Corolla van ya dizeli, injini 2C, kwa mtu aliyenionyesha gari saa saba mchana, limeoshwa linang'aa, injini imeshapata moto. Nilipozungusha ufunguo likawaka papo hapo. Nikaona nimepata. Wiki ya tatu, napanda kutoka Sigi kwenda Amani, mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikasimama, nikasubiri lipoe, nikaongeza maji, nikaondoka, ukapanda tena. Nyuma likatoa moshi mweupe usiokoma. Fundi alipofungua alikuta hedi, yaani kifuniko kikubwa cha juu ya injini, imepasuka katikati ya valvu, na ufa wenyewe umejaa masizi ya siku nyingi. Ndani ya rejeta tukakuta mabaki ya dawa ya kuzibia uvujaji. Aliyeniuzia alikuwa anajua anachouza.

Ile fedha ilikuwa ya mkopo wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Niliongeza milioni moja na laki nne kwa hedi ya mtumba na ufundi, likatembea miezi mitano, likachemsha tena, nikaliuza kwa bei ya chuma. Mkopo nikaumalizia bila gari, nikipanda Amani kwa magari ya watu na kulipia kila gunia. Ndiyo maana safari hii niliamua kujifunza kwanza.

Aliyenifundisha ni fundi mmoja mzee wa Ngamiani, mtu aliyeanza kazi kwenye matrekta ya mashamba ya mkonge. Alinikalisha juu ya tairi kuukuu akaniuliza, "Mwanangu, dizeli inawashwa na nini?"

Nikamjibu plagi.

"Haina plagi ya cheche. Inawashwa na kubanwa."

Pistoni inapopanda, akanieleza, inabana hewa. Katika injini hizi za zamani hewa inabanwa zaidi ya mara 20, inakuwa ya moto kiasi kwamba dizeli ikipulizwa ndani na nozeli inajiwasha yenyewe. Kwa hiyo mbano ndio uhai wa injini hii. Ringi za pistoni zikilika, valvu zisipokaa sawasawa, mbano unavuja, na pa kwanza pa kuonekana ni kule kuwaka kwa asubuhi. Injini ikishapata moto chuma kinatanuka, nafasi zinabanana, na kasoro nyingi zinajificha. Mwenye gari bovu anajua hilo vizuri, kwa hiyo analizungusha mtaani kidogo kabla hujafika.

Sisi wa pwani tunadanganyika zaidi, kwa sababu alfajiri ya Tanga si baridi. Hata mwezi wa saba hewa inakuwa kwenye nyuzi 20 hivi. Kwa hali hiyo 2C nzima inatosheka na sekunde chache za taa ya hita, ile inayoonyesha injini inapashwa moto ndani, kisha inawaka. Ikiwa gari linasumbua kuwaka hapa Tanga, huko Lushoto kwenye baridi halitaamka kabisa.

Basi nikaanza kutafuta, na ilinichukua karibu miezi mitatu.

Gari la pili, baada ya lile la Chumbageni, lilikuwa Mazda Demio ya dizeli, lita 1.5, toleo lililoanza kutoka Japani mwaka 2014. Kijana aliyekuwa nalo aliniita anti na alikuwa mkweli, sina la kumlaumu. Gari safi, kimya, linakula mafuta kidogo. Boneti baridi. Fundi akavuta kijiti cha kupimia oili. Kijiti cha gari hilo kina alama ya chini, alama ya juu, na juu zaidi kuna herufi X. Oili ilikuwa imefika kwenye X. Mimi nilidhani oili nyingi ni jambo jema. Akaninusisha: inanuka dizeli.

Ekzosi ya magari haya mapya ina kichujio cha kukamata masizi. Kikijaa, kompyuta ya gari inapuliza dizeli ya ziada ili ekzosi ipate moto na masizi yaungue. Hiyo kazi inataka mwendo mrefu usiokatika. Ukiwa mtu wa kwenda sokoni, kuzima, kurudi, kuzima, uchomaji haumaliziki, na dizeli isiyoungua inateremka kwenye oili. Oili inakuwa nyepesi, na hapo beringi na tabo zinaanza kulika. Kwa mtu anayekwenda Dar kila wiki ningemwambia alitazame gari hilo bila woga. Kazi yangu nusu yake ni kilomita tatu huku na mbili kule, nikishusha mifuko dukani. Nikaliacha.

La tatu liliniuma. Corolla van tena, la mfanyabiashara wa samaki wa Deep Sea. Liliwaka asubuhi vizuri kuliko magari yote niliyowahi kuyaona, moshi haupo, mlio umetulia. Lakini fundi alikuwa amenikataza kumaliza hukumu kabla ya kufunua zulia la nyuma. Nikafunua. Barafu ya samaki ikiyeyuka inatoa maji ya chumvi, na maji hayo yalikuwa yamekaa humo miaka. Bati lilikuwa limekuwa kama karatasi iliyoloa. Nikabonyeza kwa kidole gumba, likaingia. Kwenye kifuniko cha taimingi belti, ule mkanda unaozipa valvu na pistoni mwendo mmoja, palikuwa na kibandiko cha gereji ya Kijapani, kimeandikwa kilomita ambazo belti ilibadilishwa: 162,000. Dashibodi ilisema 118,000. Huyo mfanyabiashara alikuwa wa tatu au wa nne kulimiliki, pengine hata yeye alilipokea kilomita zimesharudishwa nyuma. Nilimwonyesha, akashangaa kweli. Chumvi ya pwani ndiyo inayoua magari yetu kuliko injini, na watu wanatazama rangi tu. Lala chini, mulika tochi kwenye chesisi, hasa pale shokapu zinapokamata.

La nne lilikuwa Pongwe, kwa mwalimu mstaafu. Lilikuwa na namba za usajili za herufi B, amelimiliki tangu 2010, rangi imefifia, mlango mmoja umegongwa. Nilimpigia usiku nikamwomba atandike boksi la karatasi chini ya injini na asiliguse gari mpaka alfajiri. Hakuuliza kwa nini.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba binti yangu. Boksi lako lipo pale pale."

Boneti ilikuwa na umande. Tulivuta boksi: doa moja dogo tu la oili. Tukafungua mfuniko wa rejeta, salama kwa kuwa ni baridi, usijaribu gari likiwa la moto. Maji safi ya kijani, hayana utando wa mafuta juu. Kijiti cha oili kikatoka cheusi, na hilo lisikutishe, oili ya dizeli inakuwa nyeusi mapema. Cha kutisha ni ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maana maji yameingia.

Ufunguo. Taa ya hita ikawaka, ikazima. Stata ikazunguka mara moja na nusu, likawaka. Nilisimama nyuma ya ekzosi. Moshi mweusi kidogo wa kuamka, ukaisha. Moshi mweupe unaoendelea ni dizeli isiyoungua au maji, wa bluu ni oili inayoungua, mweusi usiokoma ukipiga resi ni nozeli au hewa haitoshi. Hapa hapakuwa na chochote cha kuendelea. Fundi akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, akakigeuza na kukilaza juu ya tundu. Kwenye injini iliyochoka kifuniko hicho kingeruka, kwa sababu mbano unapita pembeni ya ringi na kutokea huko. Hiki kilitetemeka tu, kikakaa.

Nilitaka kutoa fedha pale pale. Mzee akanishika mkono. "Bado, mwanangu. Baridi imesema ya kwake. Sasa twende tukalisikie likiwa la moto."

Mwalimu alikubali twende wote. Tukapita Muheza, tukaingia barabara ya Amani, tukapanda kutoka Sigi, kona kwa kona, mpaka juu. Macho yangu hayakutoka kwenye mshale wa joto. Ulipanda hadi katikati ukakaa hapo. Kule juu nilishika mpira mkubwa wa rejeta kwa kitambaa: ulikuwa wa moto, lakini unabonyea. Ukiwa mgumu kama jiwe mapema mno, gesi ya mbano inaingia kwenye maji, na hedi ina habari. Nilipumua. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa na mahali lile la kwanza lilipokufa.

Fundi akalizima, tukakaa dakika kumi, akaniambia niwashe.

Stata ikazunguka. Ikazunguka. Nikaacha, nikajaribu tena. Mara ya tatu likawaka kwa shida, likakohoa. Mwalimu akainama, akasema taratibu, "Hilo linatokea likiwa limepata moto sana. Ningekuambia." Namwamini.

Mzee akaomba maji kwa watu wa kibanda cha chai, akalowesha kitambaa, akakifunga kwenye pampu ya dizeli. Tukazima tena. Tukasubiri. Nikazungusha ufunguo na likawaka mara moja, kama asubuhi. Sitasahau nilivyoshangaa. Pampu ikilika ndani, dizeli ya moto, ambayo ni nyepesi, inavuja kabla haijafikia shinikizo la kufungua nozeli. Ukiipoza inakuwa nzito kidogo, inatosha. Kwa hiyo injini ilikuwa nzima, hedi nzima, ugonjwa ni pampu peke yake.

Na pampu ya aina hiyo inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili yake. Miaka ile gari linaingia nchini, dizeli nyingi barabarani ilikuwa inachakachuliwa kwa mafuta ya taa, ambayo hayana ulaini wa kutosha. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za siri za kutambua uchakachuaji, kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa mpaka bei ikakaribiana na dizeli, ndipo faida ya kuchanganya ikapotea. Kabla ya hapo pampu nyingi zilipata kilema. Mzee alisema hata asingeambiwa mwaka, angekisia.

Tulirudi Pongwe, tukakaa barazani. Mwalimu alikuwa anataka milioni sita na nusu. Sikusema gari lake baya, kwa sababu si baya. Nilimweleza gharama ya kufungua pampu na ya kubadilisha taimingi belti, ambayo hakukumbuka imebadilishwa lini. Belti ikikatika kwenye dizeli pistoni inakutana na valvu, nafasi ni ndogo sana, na injini inaondoka yote. Tukakubaliana milioni tano na laki sita. Kabla ya kulipa tulitazama deni la faini za barabarani. Zilikuwepo tatu, 90,000, akazilipa yeye. Tukalinganisha namba ya chesisi na kadi, tukaandikishana kwa wakili, na kadi ikabadilishwa jina TRA.

Siku ya kwanza gari halikwenda kazini, lilikwenda gereji. Taimingi belti mpya pamoja na pampu ya maji, oili na filta zote, kisha pampu ya dizeli ikashushwa kwa fundi wa pampu. Jumla ilikuwa laki nane na ushee. Sasa ni mwezi wa kumi na nne. Linapanda Amani mara mbili kwa wiki, linawaka likiwa baridi na likiwa moto.

Lile boksi la mwalimu ninalo bado, nalitandika chini ya injini kila usiku. Leo alfajiri kulikuwa na tone moja la kijani, upande wa pampu ya maji. Nimempigia mzee, amesema nimpelekee Jumamosi, na nisiliwashe kabla hajaliona.