Anza na grupu la mtaa, mastaa watasubiri

Mtu akinunua simu janja yake ya kwanza, wiki hiyohiyo utamkuta ana akaunti Facebook, Instagram, TikTok na X, zote zina picha ileile, na hakuna hata moja anayozungumza na mtu. Amewafuata wasanii na wachezaji mpira, anatazama, anacheka, bando linaisha. Simu imekuwa televisheni ndogo. Si kosa, ila kama shida yake ilikuwa kujua maji yanatoka siku gani, fundi yupi wa friji hachomoi vipuri vya wateja, au kwa nini daladala leo zinazunguka, atasubiri sana. Mazungumzo hayo yapo, na kwa Tanzania mengi yapo WhatsApp: grupu la mtaa, la wazazi wa darasa, la wafanyabiashara wa soko moja. Anzia huko.

Kabla ya kuingia, tenga dakika kumi za mipangilio. WhatsApp inaonyesha namba yako kwa kila mwanachama, kwa hiyo ukiingia grupu la watu 400, watu 400 wameipata namba yako, na grupu moja linaweza kubeba hadi watu 1,024. Fungua Mipangilio, kisha Faragha. Picha yako na muda ulioonekana mara ya mwisho viachie watu uliowahifadhi kwenye simu tu. Humohumo kuna sehemu ya magrupu inayouliza nani anaruhusiwa kukuunga. Ukiiacha kwenye "kila mtu", ipo siku utaamka umeingizwa kwenye grupu la biashara ya sarafu za kidijitali pamoja na namba za nchi usizozijua. Wanawake wengi hukimbia magrupu ya mtaa kwa sababu ya wanaume wanaochukua namba na kuanza "mambo vipi mrembo" usiku wa manane. Dawa nyepesi ni laini ya pili: tangu 2023 WhatsApp inaruhusu akaunti mbili kwenye simu moja ya Android, basi ya familia na kazini ibaki kando.

Halafu weka PIN ya tarakimu sita, ile ya uthibitishaji wa hatua mbili, ndani ya sehemu ya Akaunti. Hii usiiruke. Utapeli unaowapata wageni wa magrupu huja kwa sauti ya unyonge: "Samahani ndugu, nimekosea, namba za siri zimekuja kwako, naomba unirudishie." Hizo tarakimu sita zilizokuja kwa SMS ndizo za kusajili WhatsApp yako kwenye simu nyingine. Ukimtumia, wewe unatupwa nje, yeye anaingia, na ndani ya robo saa anakopa pesa kwa jina lako kwa shangazi, bosi na mchungaji. Ukiwa na PIN, zile namba za SMS peke yake hazimtoshi. Utapeli huu ni ndugu wa tumbo moja na ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ujumbe wa aina hiyo Tanzania unapelekwa 15040. Kenya, kwa wateja wa Safaricom, 333. Na ukiwa Tanzania, ukipiga *106# utaona laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ikafungwe.

La mwisho ni upakuaji otomatiki, upo kwenye Hifadhi na data. Uzime kwa picha, sauti, video na nyaraka pale unapotumia data ya simu. Grupu lenye wapenzi wa video za mahubiri na vichekesho linaweza kumaliza bando la wiki kabla ya Jumatano, na ukalaumu kampuni ya simu.

Kuingia kwenyewe kunataka adabu ya zamani. Linki ya grupu zuri la mtaa haibandikwi barabarani. Muulize mjumbe wa shina, ofisi ya serikali ya mtaa, au Mangi wa dukani, ambaye kwa kawaida yumo. Ukishapewa, usiisambaze kwa hiari yako: linki ikizagaa huingia wauza mikopo na matapeli, na admini analazimika kuibadilisha au kuwasha kibali cha kila anayeomba. Siku ya kwanza jitambulishe kwa sentensi moja, jina na unakokaa: "Habari za jioni. Naitwa Rehema, nimehamia nyuma ya kituo cha mafuta mwezi huu." Basi. Usilete bidhaa zako, usilete kadi ya harusi. Watu wanataka kwanza kujua ni nyumba ipi.

Baada ya hapo, nyamaza kama wiki mbili. Kwa kawaida mwanachama mpya haoni yaliyoandikwa kabla hajaingia, kwa hiyo hujui kama swali lako limeshaulizwa mara ishirini, wala hujui kwa nini Baba fulani akitaja mfereji watu wanakuwa wakali. Soma maelezo ya grupu, bonyeza ujumbe uliobandikwa juu (zinaweza kubandikwa tatu kwa wakati mmoja), kisha angalia watu. Katika kila grupu yupo anayejua habari za umeme kwa sababu anafanya kazi karibu na wanaojua. Huyo anaandika kwa ufupi na mara chache. Yupo anayesambaza kila kinachomfikia. Na yupo admini anayeongoza kweli, ambaye si lazima awe yule aliyelifungua. Ukishawatambua hao watatu, umeshajua pa kuuliza, pa kupuuza na pa kulalamika.

Ujumbe wako wa kwanza wa maana utajibiwa au utazama kutegemea mambo matatu: mahali, saa na unachotaka. "Jamani umeme vipi?" haumsaidii mtu, maana grupu lina mitaa mitano na anayesoma saa tatu baadaye hajui unasema lini. Andika hivi: "Umeme umekatika saa 12:40 jioni upande wa msikiti hadi shule. Nyumba ya jirani upo. Kuna aliyepiga dawati la dharura?" Ile "nyumba ya jirani upo" ndiyo yenye thamani, kwa kuwa inaonyesha tatizo huenda ni la nguzo au la kwako ndani, si la mtaa mzima. Vivyo hivyo kwa kuuza: bei, hali ya kitu, picha mbili, mahali pa kukitazama. Bidhaa ya "bei njoo inboksi" watu huipita, na kusema kweli wana haki.

Kuitikia nako kuna ufundi. Ukitokea msiba, watu mia wanaandika "Amina" au "Inna lillahi", na tangazo la maji lililowekwa dakika moja kabla linafukiwa. Bonyeza ujumbe kwa muda, weka alama ya mikono au moyo, pole itafika bila kumsukuma mwenzako. Ukimjibu mtu, vuta ujumbe wake ili jibu lishikane nao. Grupu la watu mia tatu lina mazungumzo manne kwa wakati mmoja, na "sawa, nakuja" inayoelea peke yake imeshaleta ugomvi wa kutosha duniani.

Orodha za michango zina ugonjwa wao. Mtindo ni kunakili orodha nzima, kuongeza jina lako chini, na kuibandika upya. Watu wawili wakinakili orodha ileile kwa wakati mmoja, kila mmoja anabandika yake, na wa tatu akichukua ya mwisho, jina la mmoja limeshapotea. Hajaibiwa, hakuna aliyemfuta, lakini ametuma elfu kumi na hayumo, na maneno yanaanza. Njia isiyo na lawama ni mhazini mmoja tu kugusa orodha: wengine wanaandika jina na kiasi, yeye anaibandika upya jioni. Kama mnahesabu watakaofika kikaoni, tumieni kura ya WhatsApp, inachukua hadi machaguo 12. Na kabla hujatuma mchango, soma jina linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha. Jina likiwa si la mhazini, simama, mpigie. Usimwandikie kwenye WhatsApp, kwa sababu huenda WhatsApp yake ndiyo iliyoibwa.

Habari zinazosambazwa zina alama ya mshale. Mishale miwili maana yake ujumbe umeshapita mikono mingi, angalau hatua tano kutoka kwa aliyeuandika, na WhatsApp itakuruhusu kuupeleka sehemu moja tu kwa mara. Uchukulie hivyohivyo, kama maneno ya mtu usiyemwona. Masika ya Dar es Salaam, Machi hadi Mei, huleta picha za Jangwani iliyofurika. Jangwani hufurika kweli, ndiyo maana picha ya mwaka mwingine inapita bila kuulizwa. Ipitishe kwenye Google Lens, inayotafuta kwa kutumia picha, uone ilionekana lini mara ya kwanza. Tazama pia vitu vya pembeni: mabango, rangi za mabasi, majengo ambayo leo hayapo. Kwa mvua na vimbunga chanzo ni Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, na taarifa zake zina tarehe; kama picha ya tangazo imekatwa tarehe, iache.

Facebook ni soko zaidi kuliko baraza. Makundi ya kuuza na kununua, ya vyumba vya kupanga na ya ajira yanakataa maombi mengi, na anayekataliwa hudhani ameonewa. Mara nyingi ni mashine: admini anaweza kuamuru akaunti isiyo na picha, au iliyofunguliwa juzi, ikataliwe yenyewe. Jaza picha, mji, weka machapisho mawili matatu ya kawaida, jibu maswali ya kujiunga yote, kisha omba tena baada ya wiki chache. Kuhusu vyumba: asitangulie mtu kulipa "hela ya kuonyeshwa" kabla hajaona mlango. Na ukiokota kitambulisho, ficha namba na tarehe ya kuzaliwa kabla ya kuposti. Jina na mahali kilipookotwa vinatosha.

X ni baraza la wazi, herufi 280 kwa chapisho. Nchini Tanzania mtandao huu ulizuiwa Mei 2025, kwa hiyo mifano hai ni ya Kenya, ambako jina KOT (Kenyans on Twitter, Twitter likiwa jina la zamani la X) limekuwa kama kabila. Mgeni wa Nairobi aanze na vitu vyenye kazi: Ma3Route kwa foleni na ajali, #IkoKaziKE kwa ajira, na akaunti ya huduma kwa wateja ya Kenya Power umeme ukipotea. Hapo kuna mtego. Ukilalamika hadharani, akaunti zenye jina linalofanana na la kampuni hujibu ndani ya dakika na kukuomba namba ya simu au PIN. Alama ya buluu haikuhakikishii kitu, inanunuliwa. Mashirika ya biashara yana ya dhahabu na serikali ya kijivu. Namba ya mita au akaunti usiiandike hadharani, ipeleke kwenye ujumbe wa faragha kwa akaunti uliyoifungua mwenyewe, si iliyokujibu.

Sheria ijulikane mapema. Tanzania, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote, kwa anayechapisha taarifa ya uongo. Kenya nayo ina sheria yake ya 2018. Kifungu hicho cha Tanzania kinamlenga anayejua kuwa ni uongo, lakini kueleza kwamba hukujua, ukiwa umekaa kwenye benchi la kituo cha polisi, si kazi nyepesi. Grupu si chumbani kwako: picha ya skrini inatoka nje kwa sekunde.

Ukikosea, una dakika 15 za kuuhariri ujumbe na siku mbili na ushee za kuufuta kwa wote. Habari ya uongo usiifute kimya, maana waliokwisha kuisoma watabaki nayo. Ifute, kisha andika: "Taarifa niliyoleta kuhusu barabara si sahihi, picha ni ya zamani. Samahani." Ukichoka na grupu, toka, admini ndiye anayearifiwa, ingawa wengine wakitafuta orodha ya waliotoka wanaweza kukuona kwa siku 60. Na kama unabadilisha laini, tumia "Badilisha namba" ndani ya WhatsApp wakati ya zamani bado inafanya kazi. Laini iliyoachwa huuzwa upya, na anayeinunua anaweza kujikuta kwenye grupu la mtaa wako, akisoma habari za kikao cha ulinzi wa usiku.