Fort Portal hadi Butembo: barabara ya magereza yaliyovunjwa

Safari hii niliianzia Fort Portal, magharibi mwa Uganda, kwa makusudi. Wengi wanadhani waasi wa ADF, kundi lililoanzia Uganda na sasa linaua watu mashariki mwa Kongo, walianza kuvunja magereza baada ya kujiunga na Dola la Kiislamu. Sivyo. Desemba 1999 walivamia gereza la Katojo, hapo hapo Fort Portal, wakaachia wafungwa zaidi ya 300. Ni watu wale wale ambao mwaka 1998 waliwachoma moto wanafunzi wa chuo cha ufundi cha Kichwamba ndani ya mabweni yao.

Basi likashuka Kasese, milima ya Rwenzori ikiwa mkono wa kulia, kisha Bwera na mpakani Mpondwe. Hapo sikutaka kuuliza maswali mengi. Wanafunzi waliouawa na ADF shuleni kwao Juni 2023 bado wana wazazi katika kila mtaa.

Kutoka Kasindi, upande wa Kongo, hadi Beni ni kama kilomita 80, lakini usiipime kwa kilomita. Tulibanana kwenye teksi, tukashuka kila kizuizi cha wanajeshi kuonyesha vitambulisho. Baada ya kuvuka mto Semliki, kakao ilikuwa imeanikwa kwenye maturubai kando ya barabara, na ule ukali wa harufu yake ukaingia mpaka ndani ya gari. Dereva alisema siku hizi wapo wenye mashamba wanaoacha kakao ikaivia mtini, kwa kuwa shambani ndiko watu wanakochinjwa.

Beni nilifikia kwa rafiki, mwalimu. Gereza la Kangbayi limo mjini humo, na limevunjwa mara mbili. Juni 2017 watu wenye silaha waliwatoa wafungwa zaidi ya 900, wakaua askari magereza kadhaa. Tarehe 20 Oktoba 2020, kabla hapajapambazuka, wakaja tena. Safari hii walishambulia kwa pamoja gereza na kambi ya jeshi iliyolilinda, wakavunja mlango, na wafungwa zaidi ya 1,300 wakatoka. Waliobaki ni kama mia moja tu. Dola la Kiislamu likatangaza kuwa ni kazi yake.

Waasi hawakuja kwa ajili ya hao wote. Walifuata wenzao. Lakini mlango ukishavunjwa haumchagui mtu: anatoka mpiganaji, anatoka mbakaji, anatoka na kijana aliyekaa mahabusu muda mrefu kwa deni bila kuona hakimu. Magereza ya Kongo yamejaa mahabusu wa namna hiyo kupita kiasi, na mimi siwezi kumlaumu mtu wa deni aliyekimbia. Wapo waliorudi wenyewe siku ile ile. Kinachoniumiza ni kwamba kila shambulio likitokea tunahesabu waliotoroka, na hatuwahesabu wale waliokuwa wamewashtaki.

Dada yake mwalimu ni mmoja wao. Alikuwa ametoa ushahidi dhidi ya kijana aliyewaelekeza waasi kwenye shamba la familia. Baada ya Kangbayi kuvunjwa alihamia Butembo, mwendo wa kilomita 50 na ushei kusini. Nikamfuata huko.

Alinipokea kwa bugali na sombe, na kabla sijamaliza kunawa akaanza kueleza mwenyewe. "Ile asubuhi ya Beni tulisikia masasi, nikajua ni prizo. Watu waliogopa waasi. Mimi nilimwogopa yule kijana, maana anajua mlango wangu."

Butembo nako hakukumpa nafasi ya kupumua. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Agosti 2022 waasi wakavamia gereza la mji huo, Kakwangura, wafungwa zaidi ya 800 wakatoka. Kivu Kaskazini, mkoa wenye miji ya Beni na Butembo, ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na wanajeshi wa Uganda walikuwa wameshavuka mpaka tangu Novemba mwaka huo kuwasaka ADF. Operesheni hizo zote zinakamata watu. Wakishakamatwa wanapelekwa nyuma ya kuta zile zile.

Nilimuuliza kama angekubali kusimama tena mbele ya mahakama, yule kijana akikamatwa.

"Ndugu yangu," akanijibu, "waanze kuniambia watamfunga wapi."