Siku Moja na Kwera wa Taveta

Saa kumi na moja alfajiri. Simu inalia kabla ya jogoo. Darubini, kofia, maji, na daftari ambalo kurasa zake zimejikunja kwa unyevu. Mimi huongoza watalii wa ndege Ziwa Jipe, upande wa Kenya. Ni Aprili, masika yameshika, na huu ndio msimu ambao madume ya kwera, wale ndege wafumaji, huvaa manjano yao yote.

Saa kumi na mbili na nusu tuko ufukweni. Mgeni wangu ni mama mstaafu aliyefika jana jioni, na ombi lake ni moja tu: kwera dhahabu wa Taveta. Mzee mwenye mtumbwi anashika pondo, ananiambia, "Kijana, kaa katikati, viboko hawajalala bado." Nakaa katikati bila ubishi. Ng'ambo, Milima ya Pare bado ni kivuli tu.

Saa moja, tunawasikia kabla ya kuwaona. Kelele za kwera ni kama soko la asubuhi. Matete yamejaa viota, vingine vya kijani mbichi, vingine vimeshakauka. Hapo ndipo tulipokaa karibu saa tatu nzima, na sijutii hata dakika moja. Dume mmoja alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Alichana ukanda mwembamba wa jani bichi (kavu hukatika), akaufunga kwenye tete, akaupitisha, akauvuta, mpaka ikatokea pete. Akasimama ndani ya pete hiyo na kuendelea kufuma kuizunguka, kipimo chake kikiwa ni urefu wa shingo yake mwenyewe. Jirani yake aliyemaliza alikuwa ananing'inia chini ya kiota akipiga mabawa kumwita jike. Jike akaja, akachungulia, akaondoka. Mzee akacheka: "Hajapendezwa na nyumba."

Mama akauliza kwa nini Taveta. Swali hilo hunijia karibu kila wiki, na huwa nalijibu kwa raha kwa sababu nimezaliwa huku. Mji wetu ulikuwa kituo cha misafara kutoka pwani katika karne ya 19, kwa hiyo si ajabu jina lake kufika mbali. Lakini ndege mwenyewe hatambui mpaka: yuko Amboseli, yuko Mkomazi, yuko Moshi na Arusha. Jirani zetu wa Tanzania humwita mnana, kama wanavyowaita jamaa zake wengine.

Kwa kazi yangu, jina la kisayansi ndilo linalonifaa zaidi. Ploceus ni Kigiriki, mfumaji, na linawahusu kwera wengi. Castaneiceps, alilopewa na Richard Bowdler Sharpe mwaka 1890, ni Kilatini: mwenye kichwa cha rangi ya castanea, kokwa la Ulaya ambalo sijawahi kulionja. Linakuambia macho yaende wapi. Tazama kisogo: kahawia nyekundu, na nyingine kama hiyo kifuani. Halafu uso: hauna barakoa nyeusi kama ya kwera wengine wengi. Mwaka wangu wa kwanza nilimwonyesha mgeni kwera mwenye barakoa nikaapa ni wa Taveta. Mgeni alikuwa na kitabu mkononi. Tangu siku hiyo naanza na kisogo. Majike ni habari nyingine. Rangi yao ya zeituni yenye michirizi bado hunitoa jasho.

Saa nne jua lilituondoa. Mchana: chai, kivuli, usingizi.

Saa kumi tulirudi kidogo. Pete ya asubuhi ilikuwa imeanza kufanana na kikapu. Mama alipiga picha mpaka betri ikaisha.

Saa kumi na mbili jioni naandika hesabu ya siku, Mzee akisoma begani kwangu.

"Umeandika Taveta tena."

"Ndilo jina lake, Mzee."

"Amefuma hapa. Andika Jipe."

Nikamkumbusha kwamba ziwa lake limeshapewa samaki, Oreochromis jipe, jamii ya perege. Akanitazama kama mtu aliyepunjwa kwenye mizani, kisha akauliza mgeni wa kesho anafika saa ngapi.