Kitambaa cha Maji ya Moto

Mwanangu wa kwanza alipozaliwa, mwaka 2016, nilichanika daraja la tatu. Mpasuko haukuishia kwenye msamba, ile nyama iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, ulifika mpaka kwenye msuli unaobana njia ya haja kubwa. Nilikuwa nimelala chali, watu wawili wamenishika miguu, wote wanapiga kelele "sukuma, sukuma", nami nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Mtoto akatoka kwa mkupuo mmoja. Nikashonwa. Hakuna aliyenieleza nilichoshonwa. Hilo neno daraja la tatu nilikuja kulisikia miaka mitatu baadaye.

Nyumbani Mikindani nilikalia tako moja. Uji wa pilipili manga, maji ya chumvi ya uvuguvugu, kukandwa na mama, vyote nilifanyiwa, na kidonda kikafunga. Kilichobaki sikuweza kumwambia hata mama: upepo ulikuwa ukinitoka bila kuuzuia. Nifasi, damu ya baada ya kuzaa, ilipoisha nikarudi kwenye mswala, udhu ukawa haumalizi rakaa mbili. Natawadha, nasimama, nikirukuu tu umetenguka, narudi kwenye birika. Siku nyingine mara nne kwa sala moja. Maulidi niliacha kwenda, harusi niliacha, nikasingizia mtoto. Ilichukua karibu mwaka mzima hali ile kutulia.

Mimba ya pili ikaja 2019. Kliniki, nesi mmoja mtu mzima aliyekuwa akijaza kadi yangu akainua macho: "Mama, mshono ule ulipona vizuri? Haja na upepo unaweza kuzuia?"

Sikuwahi kuulizwa. Nililia pale pale, wajawazito wenzangu kwenye benchi wananitazama. Yeye ndiye aliyenifafanulia madaraja ya kuchanika. Akasema kati ya wanawake 100 waliochanika kama mimi, wanaochanika tena kiasi kile hawafiki 10. Ningekuwa bado sijizuii, angenipeleka kwa daktari tuzungumze habari ya upasuaji. "Usithubutu kuzalia nyumbani. Na ukivuka mlango wa leba tu, sema."

Ile 10 nilikwenda nayo nyumbani na kulala nayo. Mama alinifariji: "Njia imeshafunguka mwanangu, wa pili huteleza." Lakini mama hakujua habari ya udhu wangu.

Uchungu ulinishika usiku mmoja wa Novemba, msimu wa korosho umepamba moto, mume wangu yuko shambani Tandahimba. Tulipanda bajaji mimi na mama, kilomita kama 10 hadi Mtwara mjini, kila tuta nikishika chuma. Mlangoni nikasema, hata salamu sijamaliza.

Mkunga alikuwa binti mdogo. Hakukunja uso. "Haya mama, basi huyu tutamtoa taratibu."

Alinilaza ubavu wa kushoto. Akachovya kitambaa kisafi kwenye maji ya moto, akakikamua, akaukanda msamba, kikipoa anachovya tena. Kichwa kilipoanza kuchungulia, pale pakawaka kama pamepakwa pilipili. Ndipo nilipopasukia mara ya kwanza, na mwili wote ulitaka kusukuma.

"Sasa usisukume. Puliza, kama unapoza uji."

Nikapuliza. Mkono wake mmoja umekizuia kichwa kisichomoke, mwingine uko na kitambaa. Baadaye nilisoma kwamba kitambaa kile na mkono ule vimo katika mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018. Sijui kwa nini mara ya kwanza sikuvipata, na bado inaniuma.

Mtoto akawekwa kifuani pangu, analia, nami nikauliza, "Nimechanika?"

Alinikagua kwa muda mrefu, mbele na nyuma. "Kidogo tu mama, ngozi. Nyuzi mbili."

Siku ya arobaini nilioga, nikatawadha, nikasali adhuhuri rakaa zote nne. Nikakaa pale pale kwenye mswala, mtoto mapajani, mpaka ikaadhiniwa alasiri. Nikamlaza, nikasimama, nikasali kwa udhu ule ule.