Chuma hakinenepi baharini

Tishari lilikuwa chelezoni hapa Mombasa na mwenyewe alitaka jibu upesi: mabamba ya ubavuni yakatwe au yaachwe? Ramani ilionyesha unene wa milimita 10 lilipoundwa. Kipimo changu kikasoma 11.2.

"Bosi, hii bado mpya!" akashangilia msaidizi wangu.

"Yakhe, chuma kikae chumvini miaka yote hiyo kisha kinenepe?"

Mashine hii haipimi unene, hupima muda. Hutuma sauti, hungoja mwangwi wa upande wa pili, kisha huzidisha muda huo kwa kasi uliyoiwekea na kugawa kwa mbili. Kwa chuma huwa naweka kama mita 5,920 kwa sekunde, na nahakikisha kwa kipande cha majaribio ninachokianika juani pamoja na chombo, maana chuma cha moto hupunguza kasi ya sauti kidogo. Ndani ya rangi, sauti haifikishi hata nusu ya kasi hiyo, lakini mashine huihesabu rangi kama chuma. Na tishari lile lilipakwa rangi juu ya rangi, hakuna aliyekwangua.

Nikabadili mtindo, nikapima kutoka mwangwi wa kwanza wa mgongo wa bamba, yaani upande wake wa ndani, hadi wa pili. Hapo rangi haihesabiwi. Ikatoka 8.7. Tukakwangua sehemu ndogo, chuma kitupu kikasema vilevile. Karibu na mkuku, mgongo ulikuwa na vishimo vya kutu, mwangwi wa pili ukatawanyika. Huko sikubahatisha: tupa na msasa kwanza, jeli ya kupitisha sauti, ndipo probu, kile kichwa cha kipimo kinachotuma sauti.

Sehemu moja ikanisimamisha. Ghafla 3.1, na nambari haikutikisika. Fundi wa kukata alishashika chaki. Kutu hutafuna ovyo, nambari hupanda na kushuka. Hii ilikuwa tulivu mno, na ukingo wake mkali. Nikaingia ndani ya tangi, ambako hakukuwa na rangi, nikapima papo hapo kwa upande wa pili: 5.6. Jumlisha mwenyewe. Bamba halikuliwa, lilikuwa limeachana katikati kama chapati ya tabaka, ila ya tangu kiwandani.

Nikachora mipaka yake na kumwachia mkaguzi uamuzi. Akaagiza kipande hicho tu kibadilishwe; ubavu uliobaki ukapakwa rangi, safari hii baada ya kukwanguliwa.