Mama mdogo na hesabu zake za dagaa

Juzi nilikuwa Kayenze, huku Ilemela, Mwanza, kwa mama mdogo anayeuza dagaa. Zamani ukimuuliza biashara inaendaje, jibu ni "tunamshukuru Mungu", basi. Safari hii kanitolea daftari: mtaji huku, nauli ya kwenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba huku, faida peke yake. Hata dagaa wa mboga ya nyumbani kajiandikia deni kama mteja! Baba mdogo naye yumo, alikopa ya vocha.

Haya kayatoa kwenye mafunzo ya kikundi chao cha wanawake, ya siku chache tu, chini ya mwembe. Kilichomkaa zaidi ni kuanika kwenye vichanja badala ya mchangani. Dagaa wasio na mchanga wana bei nyingine kabisa, na wingu likitanda unawafunika turubai fasta. Mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazivuti dagaa, mwalo (wanakoshushia dagaa) unapoa, kwa hiyo siku hizo wanakula akiba ya kikundi.

Sasa wanaandaa maombi ya mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa vikundi vya wanawake. Hauna riba. Dada zangu wa Ilemela wenye vikundi, mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu.